Kichwa kikiwasha, pesa iende wapi?

Mtu wa Nyandira au Kinole anayewashwa kichwa ana hesabu mbili: nauli ya kushuka Morogoro mjini na bei ya dawa yenyewe. Ndiyo maana wengi huishia duka la dawa lililo jirani na kuchukua kilichopo. Mara nyingi kilichopo ni krimu ya mchanganyiko, yaani dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali ndani ya tyubu moja. Bei yake haitishi, kuwashwa kunatulia baada ya siku chache, na mnunuzi anajiona amepona. Akiacha kupaka, ugonjwa unarudi, naye anarudi dukani. Akiendelea hivyo kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba; na kama tatizo lilikuwa fangasi, steroidi inalificha tu huku likienea. Kwangu mimi hiyo ndiyo dawa ghali kuliko zote dukani.

Kabla ya kuuliza bei, tazama kichwa. Mtu mzima mwenye magamba ya manjano yenye mafutamafuta kichwani, pengine hadi kwenye nyusi na pembeni mwa pua, huenda ana ukurutu wa kichwani, aina ile inayokwenda pamoja na mba. Unahusiana na hamira iitwayo Malassezia, ambayo huishi kwenye ngozi ya kila mtu na kula mafuta ya ngozi. Baridi huuzidisha, jambo ambalo watu wa Mgeta watalitambua inapofika Juni na Julai. Mtoto wa shule mwenye mabaka ya duara na nywele zilizokatika ni habari nyingine: hayo huwa ni mapunye. Shampuu peke yake haiyaponyi, kwa sababu fangasi wameingia ndani ya unywele. Anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa na kwa kipimo cha uzito wake. Kichanga mwenye magamba utosini hahitaji dawa kali. Lainisha kwa mafuta, osha taratibu, yataondoka yenyewe.

Kwa ukurutu wa mtu mzima, ningeweka pesa kwenye shampuu ya dawa. Soma lebo: iwe na ketokonazo asilimia 2 au seleniamu salfaidi asilimia 2.5. Zenye zinki pairithioni hufaa mba ya kawaida. Chupa ya ketokonazo inaweza kukushtua kwa bei, lakini piga hesabu kwa kila kuosha. Chupa ya mililita 100, ukitumia mililita 10 kila mara, inatosha mara 10. Tuseme umeinunua shilingi 15,000. Kila kuosha ni shilingi 1,500. Kawaida ni mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili hadi nne, kisha mara moja kila wiki moja au mbili ili usirudi. Nywele zetu za kipilipili hukauka na kukatika haraka, kwa hiyo wengi huanzia mara moja kwa wiki. Ipake kwenye ngozi, siyo kwenye nywele tu, iache dakika tano ndipo usuuze. Anayesuuza papo hapo anamwaga pesa yake bombani.

Dawa ileile ya vidonge usiinunue kwa ajili ya kichwa. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza vidonge vya ketokonazo visitishwe kwa sababu ya madhara kwenye ini.

Mafuta ya nazi ni rahisi na yana kazi yake: paka usiku, magamba yalainike, asubuhi uyaoshe. Kuyaacha wiki nzima chini ya msuko ni kuilisha hamira. Limau na kitunguu saumu huchubua ngozi iliyokwisha kuumia. Relaksa na piko ziache kabisa hadi kichwa kipoe.

Usipopata nafuu baada ya mwezi, nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Ukurutu mkali unaosambaa ghafla wakati mwingine huashiria VVU, na kupima VVU kwenye vituo vya serikali ni bure. Wakikuandikia rufaa ya Muhimbili, hesabu nauli pia: treni ya mwendokasi ilipoanza Juni 2024 nauli ya kawaida kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam ilikuwa shilingi 13,000, kwenda tu. Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, kilichoanza mwaka 1992, lakini safari yake ni ndefu na haihitajiki kwa ukurutu wa kawaida.

Kwa hiyo mtu mzima anunue shampuu na kuitumia ipasavyo. Mtoto mwenye mabaka apelekwe zahanati kwanza, hata kama dukani wanasema tyubu inatosha.