Haut-Lomami: Mchezo wa kompyuta unaweza kufundisha watoto wa Kamina kulinda pori?

Mjini Kamina, mtoto anajua gunia la makala kuliko anavyojua mti uliotoa makala hayo. Baiskeli zinaleta magunia mpaka mlangoni, mama anawasha mbabula, basi. Kisiki kimebaki kule porini. Hata Mbuga ya Upemba, iliyoundwa mwaka 1939 na yenye punda milia wa mwisho wa nchi yetu, wanafunzi wengi wa Kamina wanaisikia kwa jina tu, ingawa sehemu yake iko katika jimbo hili.

Kwingine walimu wameanza kutumia dunia za kubuni, zile za michezo ya kompyuta. Mwaka 2012 shirika UN-Habitat, lenye makao Nairobi, liliungana na kampuni Mojang ya Sweden. Wakaaji wa Silanga, mtaani Kibera, wakapanga uwanja wao wa michezo ndani ya mchezo Minecraft, tofali kwa tofali.

Lakini Kamina si Nairobi. Umeme ni shida, na mega ni bei. Wakati shule zilifungwa mwaka 2020 kwa sababu ya Covid-19, Radio Okapi ilitoa masomo kupitia Okapi École, na redio ilifaa kwa sababu haiombi mega. Shida yake ni kwamba haionyeshi kitu.

Kuna njia ya katikati. Mchezo Luanti, zamani Minetest, ni wa bure na unaendeshwa hata na kompyuta ya zamani. Kompyuta moja inashika dunia yote, zingine zinaunganishwa nayo kwa wifi ya darasani, bila intaneti. Sahani ya jua na betri nzuri vinaweza kutosha. Na dunia hiyo inanakiliwa kwenye ufunguo wa USB: darasa la Kamina linaweza kuutuma kwa treni mpaka Bukama, watoto wa kando ya Lualaba wakaendeleza kazi, kisha wakaurudisha. Ni masomo ya mbali pia, hata kama treni inachelewa.

Ndani ya michezo ya namna hii, mtoto anakata mti, anachoma mbao katika tanuru, anapata makala. Hapo mwalimu awe macho, maana mchezo unadanganya: mche unakuwa mti mkubwa kwa dakika chache. Mti wa miombo unaomba miaka mingi. Tena, ukikatwa, kisiki chake kinaweza kuchipua chenyewe, ikiwa moto wa kiangazi haukiunguzi kila mwaka. Jambo hilo mchezo haulijui; wachomaji makala wanalijua vizuri.

Kwa maoni yangu, mchomaji mmoja aitwe darasani kabla kompyuta haijawashwa. Watoto wamuulize anatembea kilomita ngapi leo kufikia miti, na alipoanza kazi zilikuwa ngapi. Namba hizo mbili ndizo za kuingiza katika mchezo kwanza.