Mbio za pikipiki za zamani: spana siku tatu, kasi dakika chache

Mbio za pikipiki za zamani ni mashindano ya mashine zilizostaafu mbio kubwa miaka mingi iliyopita, na waendeshaji wake ni watu wanaokula kwa kazi nyingine. Anayepanda anaweza kuwa seremala, daktari wa meno au mwalimu. Fundi wake ni rafiki, ndugu, mke au mume. Timu nzima huwa watu watatu au wanne, gari moja la mizigo, hema la kujikinga jua na pikipiki moja au mbili. Nchini Marekani chama kikubwa cha mchezo huu ni AHRMA, kilichoanzishwa miaka ya 1980, na mkusanyiko wake unaojulikana sana hufanyika Oktoba katika uwanja wa Barber, karibu na mji wa Birmingham, jimbo la Alabama. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 2003. Barabara yake ina urefu wa karibu kilomita 3.8 na kona 17, ikipanda na kushuka katikati ya miti. Kando yake kuna makumbusho yenye pikipiki zaidi ya 1,600, zilizokusanywa na George Barber, ambaye familia yake ilitajirika kwa biashara ya maziwa. Tamasha la pikipiki za zamani lilianza hapo mwaka 2005.

Anayeusikia mchezo huu kwa mara ya kwanza hudhani ni maonyesho, vitu vya kale vikipitishwa polepole mbele ya watazamaji. Sivyo. Wanaoshindana wanashindana kweli, wanaanguka kweli, na pikipiki aina ya Norton Manx iliyotengenezwa vizuri hupita kilomita 200 kwa saa.

Kinachoyawezesha mashindano hayo ni madaraja. Pikipiki hupangwa kwa umri, ukubwa wa injini na aina ya teknolojia, ili mashine ya mwaka 1960 isikutanishwe na iliyoundwa miaka ishirini baadaye. Daraja la sentimita za ujazo 350 huikutanisha AJS 7R, Mwingereza wa silinda moja aliyeundwa kwa ajili ya mbio, na Honda CB350, pikipiki ya barabarani ya silinda mbili iliyouzwa kwa wingi mno mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Daraja la 500 ni makao ya Manx na Matchless G50. Lipo pia daraja la Harley-Davidson na Indian za zamani zaidi, baadhi yake zikiwa na gia za kubadilishwa kwa mkono, jambo linalomlazimu mwendeshaji kuachia usukani upande mmoja wakati anakimbizana na wenzake.

Suala la uhalisi lina utata wake. Sheria hazidai kila kipande kiwe kimetoka kiwandani enzi hizo. Kinachotakiwa ni kifanane na cha enzi hizo. Ndiyo maana Manx nyingi zinazokimbia leo zina injini zilizoundwa upya kwa kufuata michoro ya zamani, na matairi yake ni ya kisasa yaliyotengenezwa kwa vipimo vya magurudumu ya zamani. Wapo wanaonung'unika kwamba huo si uzamani tena. Lakini injini ya asili ya Manx ina makasha ya magnesi yaliyochoka kwa miaka zaidi ya sitini, na likipasuka moja humwaga mafuta chini ya magurudumu ya watu ishirini wanaofuata nyuma. Nakala ni bora kuliko ajali.

Kazi huanza Ijumaa kwa ukaguzi. Pikipiki haiingii barabarani mpaka wakaguzi waridhike. Taa, vioo na stendi huwa vimeondolewa. Boliti ya kumwagia mafuta ya injini sharti itobolewe na kufungwa kwa waya mwembamba wa chuma usioruhusu kulegea. Mrija wa kupumulia wa injini uelekezwe kwenye kikopo, mafuta yasidondoke barabarani. Mshiko wa mafuta ujirudishe wenyewe ukiachwa, na swichi ya kuzimia injini iwe karibu na kidole. Mwendeshaji naye hukaguliwa: helmeti inayofunika uso, suti ya ngozi, glavu na buti. Mgeni katika mchezo hupitia kwanza mafunzo ya mbio, ambako hufundishwa bendera kabla ya mambo mengine: njano ni hatari mbele na marufuku kupita mwenzio, nyekundu ni mbio kusimamishwa, nyeusi ni kutolewa barabarani.

Mazoezi yanapoanza ndipo fundi anapojua kama usiku wake wa karakana ulizaa kitu. Injini hizi hazina kompyuta. Kabureta haitambui kwamba asubuhi ni baridi na mchana ni joto, wala kwamba uwanja wa wiki hii uko juu kuliko ule wa mwezi uliopita. Binadamu ndiye anayebadilisha jeti, kitundu kinachopima petroli. Njia ya zamani ya kujua hali ya mchanganyiko ni kuzima injini ikiwa katika mwendo mkali, kurudi na kufungua plagi. Rangi ya kahawia ni habari njema. Nyeupe inaonya kwamba petroli ni kidogo na joto linazidi, na kwa injini za mapigo mawili hiyo ni hatua chache kabla ya pistoni kung'ang'ania ndani ya silinda na injini kunoki. Mwendeshaji wa Yamaha ya mapigo mawili huweka kidole kimoja kwenye klachi muda wote, kwa sababu injini ikijifunga gurudumu la nyuma hufunga pamoja nayo. Mazoezi pia ndiyo huonyesha kama sproketi (gurudumu la meno la cheni) iliyofungwa inaufaa uwanja.

Breki zinastahili maelezo marefu kuliko injini. Pikipiki nyingi za madaraja ya zamani hutumia breki za ngoma hata gurudumu la mbele: vipande vyenye umbo la hilali hutanuka ndani ya ngoma na kusugua ukuta wake. Mwendesha bodaboda wa Dar es Salaam au Kampala anaijua breki hiyo, maana bado iko kwenye gurudumu la nyuma la pikipiki nyingi za biashara. Tatizo lake ni joto. Ngoma ikipata moto hutanuka na kujitenga na vipande vinavyopaswa kuibana, na mkono wa breki huzidi kukaribia usukani kila mzunguko. Watengenezaji wa Italia kama Fontana waliunda ngoma kubwa za mbele zenye vipande vinne na matundu ya kuingizia hewa, na bado joto halikwisha. Kwa hiyo mwendeshaji mwenye busara huanza kupunguza mwendo mapema, hutumia breki kidogo, halafu hulinda kasi yake ndani ya kona. Anayezimaliza breki katika mizunguko miwili ya kwanza hupitwa katika miwili ya mwisho.

Jambo jingine la kuchunga ni miguu. Pikipiki za Kiingereza za enzi hizo zina gia mguu wa kulia na breki ya nyuma kushoto. Za Kijapani ni kinyume. Mtu anayepanda aina zote mbili siku moja hana budi kujikumbusha kila anapoondoka.

Jumamosi na Jumapili, baada ya mkutano wa asubuhi ambao hakuna mwendeshaji anayeruhusiwa kuukosa, huja mbio zenyewe. Kila moja ni mizunguko michache, na kwa kawaida haifiki dakika ishirini. Madaraja kadhaa huchanganywa katika mbio moja, kundi moja likiondoka sekunde chache kabla ya jingine. Mashine nyingi za mbio hazina kiki wala stata, hivyo wenzake humsukuma mwendeshaji hadi injini iwake. Kivutio cha pekee ni Honda CB160 za miaka ya 1960, zenye nguvu za farasi 16 hivi. Mbio zake huanza kwa mtindo wa kale wa Le Mans: mwenzako anaishika pikipiki upande mmoja wa barabara, wewe unaikimbilia kutoka upande wa pili. Kwa nguvu ndogo kiasi hicho, anayeachia mafuta pasipo lazima hairudishi kasi aliyoipoteza, na wengi hujificha nyuma ya mwenzao akate upepo kwa ajili yao. Mbio za pikipiki hizi dhaifu mara nyingi ndizo tamu kuzitazama.

Mshindi hapati fedha, anapata tuzo ndogo na pointi za msimu. Hata hivyo wenye ujuzi mkubwa hawakosekani. Dave Roper, Mmarekani wa kwanza kushinda katika mashindano ya TT ya kisiwa cha Man, alifanya hivyo mwaka 1984 kwa Matchless G50 katika mbio za pikipiki za kihistoria, kisha akaendelea kukimbia kwa miongo mingi katika mashindano ya AHRMA, akigawana mstari wa kuanzia na watu waliojifunza mchezo juzi.

Ikitokea injini kuharibika Jumamosi, ushindani hubaki barabarani. Tangazo hupita kwenye vipaza sauti kwamba timu fulani inatafuta gasketi au springi ya valvu, na mara nyingi anayeileta ni mpinzani wa daraja lilelile.

Bili ya kweli huja baada ya Jumapili. Injini ya mbio hufunguliwa baada ya saa chache tu za kazi: springi za valvu hubadilishwa kabla hazijakatika, beringi hupimwa, cheni hutazamwa pingili kwa pingili. Baadhi ya timu bado hutumia mafuta ya injini yanayotokana na mbegu za nyonyo, yaliyoipa jina kampuni ya Castrol na yenye harufu ambayo wapenzi wa mbio huitambua kwa mbali. Yanalainisha vizuri sana, lakini yakikaa muda mrefu huwa mazito kama gundi na kuziba njia zake, kwa hiyo msimu ukiisha humwagwa yote na injini kusafishwa kabla ya kuwekwa.