Maktaba ya mwalimu: Kwa nini si sawa na ya mwanafunzi

MWANAFUNZI akiambiwa ajumlishe nusu na thuluthi, aghalabu huandika humusi mbili (2/5): amejumlisha tarakimu za juu pamoja, na za chini pamoja. Kitabu cha kiada humpa mwalimu jawabu sahihi, yaani sudusi tano (5/6). Hakimwelezi ni kwa nini mtoto mwerevu ameridhika na jawabu lililo dogo kuliko nusu aliyoanza nayo, wala jinsi karatasi iliyokunjwa sehemu sita inavyoweza kumwondolea dhana hiyo.

Maarifa ya aina hiyo yana vitabu vyake, na ndivyo vinavyowekwa katika maktaba ya walimu: miongozo ya kufundishia, ripoti za utafiti, majarida ya elimu, pamoja na chati na ramani za kuazima. Hata mfumo wa Dewey, unaotumiwa na maktaba nyingi duniani, hubainisha tofauti hiyo. Hisabati yenyewe hupewa namba 510, ilhali ufundishaji wake katika shule za msingi huwekwa kwenye 372.7, rafu nyingine kabisa.

Humu nchini, wazo hili lilisogezwa karibu na shule katika miaka ya 1970 kupitia vituo vya ushauri kwa walimu, maarufu kama TAC. Kituo kilikusudiwa kuwa na chumba, vitabu na mkufunzi wa kuzuru shule jirani. Mkufunzi ndiye aliyekuwa roho ya mpango huo, kwani kitabu cha mbinu hakisomwi kama riwaya; hufaa pale mtu anapokuonyesha ukurasa unaojibu tatizo la darasa lako. Kasoro ilikuwa papo hapo: mkufunzi akiwa shuleni, ufunguo wa rafu u mfukoni mwake.

Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini mnamo 2019, haja ya vitabu hivyo ilizidi, maana mwalimu sasa hutakiwa kubuni shughuli za wanafunzi mwenyewe. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) huweka miundo ya mtaala mtandaoni. Ni hatua njema, ingawa anayeisoma kwa simu hununua bando kwa fedha zake, na muundo humweleza cha kufundisha zaidi ya namna ya kumtoa mtoto kwenye humusi mbili.

Shule iliyo mbali na kituo inaweza kuanza na kabati moja katika chumba cha walimu, pamoja na daftari la kuazimia. Nami ningeongeza daftari la pili, la kunakili makosa ya wanafunzi na mbinu zilizofaulu kuyarekebisha, kwa sababu mwalimu akihamishwa huondoka na ujuzi huo kichwani.