Ndovu wa Sagalla na Ua wa Mizinga

Takriban asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizotengwa mwaka 1948. Anayelima mahindi na pojo Mwakoma au Kajire, chini ya mlima Sagalla karibu na Voi, hakuomba kuwa jirani wa ndovu. Ndovu mzima hula zaidi ya kilo mia moja kwa siku, na anachokosa kula hukikanyaga. Kundi likiingia shambani saa saba usiku, alfajiri mwenye shamba hana cha kuvuna.

Kwa vizazi dawa ilikuwa kukesha. Mtu hujenga dungu, hulipanda jioni na debe na kijinga cha moto, siku hizi na tochi, na akisikia tawi limevunjika hupiga debe mpaka jirani naye aamke apige lake. Wengine huchoma kinyesi cha ndovu kilichochanganywa na pilipili ili moshi uwawashe pua. Wengine hutundika vipande vya mabati kwenye waya vigongane upepo ukivuma. Mbinu zote hizi hufanya kazi kwa muda. Ndovu ni mnyama wa kumbukumbu: akishasikia debe mara kadhaa bila kuumia, hulizoea. Kukesha nako kuna gharama isiyoandikwa popote, kwa maana anayelinda shamba usiku kucha hana nguvu za kulilima mchana, na mtoto aliyelinda na babake husinzia darasani.

Ua wa umeme ungeonekana ndio jibu la kisasa. Lakini pembe ya ndovu haipitishi umeme vizuri, na madume kadhaa wameligundua hilo: huinamisha kichwa, hukata waya kwa pembe au hung'oa nguzo, kisha huingia. Majani yakikua yakagusa waya, nguvu ya umeme hupotea ardhini. Ua wa namna hiyo unataka fundi, betri na mtu wa kufyeka kila wiki, mambo ambayo mbuga inaweza kuyamudu na mwenye ekari mbili hawezi.

Lipo jambo jingine ambalo warina asali wamelijua tangu zamani: ndovu humwogopa nyuki. Ngozi yake ni nene, hilo ni kweli, lakini kuzunguka macho, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga ni laini, na huko ndiko nyuki anakouma. Mwaka 2002 watafiti Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton walichapisha matokeo ya majaribio ya Laikipia yaliyoonyesha kwamba ndovu waliiacha migunga iliyotundikwa mizinga yenye nyuki. Mwaka 2007 Lucy King na wenzake wakaenda mbele. Huko Samburu walizipigia familia za ndovu zilizopumzika kivulini sauti ya nyuki waliochokozwa, iliyorekodiwa. Familia 16 kati ya 17 ziliondoka ndani ya sekunde 80, na karibu nusu ziliondoka katika sekunde 10 za kwanza.

Msomaji atauliza, kama sauti inatosha, mzinga wa nini? Si tukamnunulie mkulima spika na paneli ya sola? Swali hilo husikika sana, na jibu lake ndilo kiini cha makala hii. Sauti ya nyuki humtisha ndovu kwa sababu yeye, au mamake, aliwahi kuumwa. Spika isiyouma inatumia akiba ambayo nyuki wa kweli waliiweka, na akiba hiyo isipoongezwa huisha. Itakuwa debe jingine, la bei ghali zaidi. Kifaa kipya kinaweza kupeleka habari mbali na kwa haraka. Kuuma hakiwezi.

Ndiyo maana ua uliojengwa Sagalla kuanzia 2009, chini ya mradi wa shirika la Save the Elephants, unatumia nyuki hai. Utazame kwa karibu. Nguzo zimechimbiwa kulizunguka shamba, na kila baada ya mita 10 kuna mzinga uliotundikwa usawa wa kifua cha mtu, juu yake kipaa cha kivuli. Mzinga wenye nyuki hupokezana na wa bandia, ambao ni kipande tu cha mbao nyembamba kilichopakwa rangi ya njano, kwani ndovu hana namna ya kujua upi una wenyewe. Shamba la ekari moja huhitaji kama mizinga 24, nusu yake ya bandia, na hapo gharama imeshuka sana. Waya hutoka mzinga hadi mzinga kwa kupita nje ya nguzo, wala haukufungwa kwenye nguzo. Ndovu akitaka kupita katikati, kifua chake husukuma waya, na waya huivuta mizinga ya pande zote mbili ikayumba. Nyuki usiku hawapendi kuruka, lakini mzinga ukitikiswa hivyo hutoka kwa hasira. Nguzo zenyewe hupakwa grisi ili siafu wasipande, na nyegere naye hutafutiwa kizuizi chake, maana akiufikia mzinga haachi kitu.

Matokeo yamepimwa. Uchunguzi wa miaka tisa katika mashamba 26 ya Sagalla, uliochapishwa 2024, ulihesabu ndovu karibu 4,000 waliosogelea nyua hizo. Takriban robo tatu walirudi. Katika misimu ambayo mazao yalistawi, waliorudi walifika asilimia 86. Juu ya hayo kuna asali ya kuuza, kitu ambacho ua wa umeme haujawahi kumpa mtu.

Uchunguzi huohuo ulionyesha udhaifu pia. Ukame wa 2017 ulipunguza idadi ya mizinga yenye nyuki kwa karibu robo tatu, na uzalishaji wa asali ulichukua miaka mitatu kurudi. Bila maua hakuna nyuki, na mzinga mtupu ni sanduku tu. Kwa bahati mbaya, mwaka wa kiangazi ndio ndovu huwa na njaa zaidi. Basi anayemuuzia mkulima ua wa mizinga kama suluhisho la kudumu anamdanganya. Nyuki wanataka maji karibu, kivuli, na miti ya maua isiyokatwa kwa ajili ya makaa. Hiyo ni kazi ya mikono, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili fedha za wafadhili kabla ya kifaa chochote chenye skrini.

Hata hivyo, satelaiti nayo ina nafasi yake. Kola inayovishwa ndovu shingoni hutuma taarifa za mahali alipo. Mwaka 2016 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, pamoja na Save the Elephants liliwavisha kola ndovu 10 wa Tsavo ili ijulikane wanavyoivuka reli mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria 2017. Tuta lake refu, lililo sambamba na reli ya zamani na barabara kuu ya Mombasa, limebadilisha njia walizozoea. Huko Laikipia dume aitwaye Kimani alivishwa kola iliyotuma ujumbe mfupi kwa askari wa wanyamapori kila alipokaribia mashamba, nao wakamwahi. Angalia lakini nani aliyemfukuza: watu, usiku, kwa gari. Ujumbe uliwaokolea muda wa kumtafuta gizani, basi.

Simu ina faida nyingine ambayo wakulima wengi hawaitumii vizuri. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaruhusu fidia ya mazao yaliyoharibiwa, na ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Malipo huchelewa, na madai yenye maelezo hafifu huchelewa zaidi. Asubuhi kabla hujagusa bua lililoanguka, piga picha za nyayo, za kinyesi na za eneo lote, zikiwa na tarehe, kisha uripoti kwa KWS na uombe tathmini ya mazao ifanywe mapema. Anayelala kwenye dungu anajua saa waliyoingia na upande waliotokea. Aandike hayo kabla hajasahau.

Na dungu lisibomolewe. Mizinga ikiwa imejaa, lala nyumbani. Ikipungua chini ya nusu, na hilo utalijua kwa kuikagua kila wiki mbili, panda na tochi yako, uweke na namba za majirani kwenye simu.