Barafu Ndani ya Kabureta

Kila asubuhi ya Julai, Volkswagen Beetle yangu iliwaka vizuri, ikapita Limuru katikati ya ukungu, kisha baada ya kilomita sita au saba ikaanza kukohoa na kuzima. Nikisubiri dakika kumi, inawaka kama vile haikuwa na neno. Fundi akifika hana cha kuona. Tulibadilisha plagi, pointi, kondensa, hata koili, na ugonjwa ukabaki palepale.

Gari la kabureta likizima, kabla hujashika spana jiulize: linazima wakati gani? Likizima kwenye silensa tu ilhali barabarani linakimbia, shuku jeti ya silensa. Tundu lake halifiki hata milimita moja na chembe ya uchafu huliziba. Au gasketi chini ya kabureta inavuta hewa. Likizima baada ya mwendo mrefu, fungua mfuniko wa tangi: hewa ikiingia kwa mluzi, tundu la kupumulia limeziba na pampu inashindwa kuvuta mafuta. Kwenye foleni ya Mombasa saa nane mchana, huenda petroli imechemka ndani ya bomba na pampu inasukuma mvuke mtupu.

Langu lilizima kwenye baridi, tena injini ikiwa imeshapata moto. Hilo ndilo lililonitatiza.

Siku moja, lilipozima tu, nilikimbia nyuma nikafunua injini. Bomba chini ya kabureta lilikuwa limevaa ngozi nyeupe. Nikaikwangua kwa ukucha: barafu! Hapa, karibu na ikweta, shubiri chache kutoka kwenye silinda zinazounguza.

Siri yake ni ileile ya maji ya mtungini. Maji yanayopenya udongo hugeuka mvuke, na mvuke huondoka na joto, ndiyo maana yaliyobaki hupoa. Petroli hufanya hivyo kwa kasi kubwa zaidi. Idondoshe kiganjani uone. Kwenye shingo nyembamba ya kabureta hewa hukimbia, mgandamizo hushuka, petroli hufyonzwa na kutawanyika kuwa mvuke. Joto la hapo laweza kushuka nyuzi 20 au zaidi. Unyevu uliojaa kwenye hewa ya Limuru yenye nyuzi 12 huganda kuzunguka vali ya kabureta, ukaziba vitundu vya silensa kwanza. Gari likisimama, joto la injini huyeyusha barafu yote, na ushahidi hupotea kabla fundi hajafika.

Waliounda Beetle walilijua tatizo hili. Kabureta yake moja iko katikati, mbali na silinda, kwa hiyo walipitisha chini yake kijibomba cha moshi wa moto wa ekzosi. Nilikigusa kwa uangalifu pande zote mbili: huku kinaunguza, kule baridi kabisa. Kilikuwa kimejaa masizi magumu kama makaa.

Kukizibua kulichukua alasiri nzima. Tulikifungua, tukakichokoa kwa kebo ya breki ya baiskeli, masizi yakawa yanatoka vipande vipande hadi mwanga ukaonekana upande wa pili. Kesho yake, ndani ya ukungu uleule, nilisimama makusudi na kudondosha tone la maji kila upande wa kijibomba. Yote mawili yakachemka.