Modemu: Jinsi Laini ya Simu Ilivyofunzwa Kwenda Mbio

Laini ya simu iliundwa kwa ajili ya sauti ya binadamu, nayo hupitisha vyema mitetemo ya kuanzia 300 hivi hadi 3,400 kwa sekunde. Kompyuta haina sauti. Lugha yake ni sifuri na moja. Mkalimani baina yao ni modemu, chombo kigeuzacho tarakimu kuwa milio, na milio kuwa tarakimu tena.

Chombo hiki kililelewa jeshini. Katika miaka ya 1950, Marekani ilipojenga mfumo wa SAGE wa kulinda anga yake, habari za rada zilipelekwa kwa laini za simu hadi kwenye kompyuta za ulinzi. Mwaka 1962 kampuni ya AT&T ilitoa modemu iitwayo Bell 103. Ilitumia milio minne, miwili ya mpigaji na miwili ya mpokeaji. Mwendo wake ulikuwa biti 300 kwa sekunde, yaani herufi 30. Kitabu cha herufi 400,000 kingechukua saa tatu na dakika 42, na mpiga simu ya mbali alilipia kila dakika.

Kwa nini mwendo usiongezwe tu? Milio ikifuatana upesi mno, huvurugana katika njia nyembamba. Wataalamu wakaazimia kuutwika kila mlio mzigo mkubwa zaidi kwa kuupa maumbo mengi mbalimbali. Lakini maumbo yakizidi hukaribia kufanana, na mkwaruzo mdogo wa laini hutosha kumpoteza msikilizaji.

Ufumbuzi ulitoka Uswisi, kwa Gottfried Ungerboeck wa maabara ya IBM, aliyechapisha nadharia yake mwaka 1982. Katika kiwango cha kimataifa cha V.32 cha mwaka 1984, kila biti nne za ujumbe ziliongezewa ya tano isiyobeba neno lolote. Kazi yake ni kuweka utaratibu: milio fulani tu ndiyo iruhusiwayo kufuatana. Mpokeaji akisikia mfuatano uliokatazwa, hutambua kuwa pana kosa, akachagua ule halali ulio karibu zaidi. Biti hiyo ni kama askari wa msafara. Habebi shehena, lakini shehena hufika salama kwa sababu yupo.

Tena kila modemu ilifunzwa kuutambua na kuuondoa mwangwi wa sauti yake yenyewe, hata pande mbili zikaweza kusema kwa wakati mmoja. Mwendo ukafikia biti 9,600 kwa sekunde, na kitabu kile kikahitaji dakika saba tu. Kiwango cha V.90 cha mwaka 1998 kilifikia biti 56,000 kwa upande wa kupokea.

Baadaye njia pana za intaneti ziliziondoa modemu hizo katika nyumba nyingi. Hata hivyo, biti za ulinzi zingali kazini katika simu za mkononi, zikisahihisha makosa ambayo msemaji hata hayasikii.