Shadda ya Kirusi na sikio la Mgusii

Mwanafunzi wa Kisii au Nyamira anayejiandaa kwenda kusomea Urusi hukutana na jambo geni katika kitabu chake cha kwanza cha Kirusi: kistari cha mshazari juu ya irabu. Ni rahisi kudhani ni pambo tu. La hasha!

Hiyo ni shadda. Katika Kiswahili haitusumbui, kwani karibu kila mara hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunaikumbuka tu mwalimu anapotupa bara'bara (njia) na ba'rabara (sawasawa). Pale ritifaa hutangulia silabi inayokazwa. Warusi huiweka alama juu ya irabu yenyewe.

Kirusi hakina kanuni nyepesi kama yetu. Zámok ni kasri, zamók ni kufuli. Muká ni unga, múka ni mateso. Pisát' ni kuandika. Ukikaza silabi ya kwanza, písat', umetaja haja ndogo. Hebu fikiria umemwambia mhadhiri wako hivyo! Tena shadda huhama: ruká ni mkono, lakini ukisema unauona mkono, ni rúku. Irabu isiyokazwa nayo hufifia, ndiyo maana maziwa, molokó, hutamkwa takriban “malakó”.

Je, Ekegusii kinasaidia? Naam, kwa kiasi. Kina irabu saba tunazoziandika kwa herufi tano, na toni kwa kawaida hatuiandiki; msomaji hujijazia mwenyewe kwa kuwa lugha anaijua. Warusi ni vivyo hivyo: shadda imo kwenye kamusi na vitabu vya wanagenzi, magazetini huioni. Isitoshe, -bora (kukosa) na -boora (kusema) hutofautishwa na urefu wa irabu. Sikio hilo ni mtaji, maana irabu ya Kirusi iliyokazwa huvutwa kidogo kuliko jirani zake. Hatari ni kuigeuza shadda kuwa toni, ukapandisha sauti bila kuivuta irabu.

Ile ritifaa mwishoni mwa pisát' si ya ng'ombe. Inasimamia herufi ь, isiyo na sauti yake. Kazi yake ni kuilainisha konsonanti, ulimi ukiinuka kana kwamba unataka kutamka y. Brat ni ndugu wa kiume, brat' ni kuchukua.

Basi ukinakili neno jipya daftarini, linakili na kistari chake. Ukikuta ё, yenye nukta mbili, usihangaike: karibu kila mara shadda iko papo hapo.